Kidonge Kilichoanguka Mchangani

Asubuhi ya ndoa ya Maua, Majidi aliamka akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na pua imeziba. Mkewe Zuwena alikuwa akimpigia pasi kanzu juu ya meza ndogo ya chumba cha gesti. Aligeuka akamtazama, na macho ya mumewe yalikuwa yameiva kama ya mtu aliyekesha jikoni kwenye moshi.

"Hukulala vizuri?"

"Nimelala. Ni hili vumbi la Bukene tu."

Walikuwa wamefika Bukene jana yake kutoka Tabora, wao wawili na Omari, mtoto wa kiume wa Majidi kwa marehemu mke wake wa kwanza. Nyuma yao pikapu ya kukodi ilibeba kitanda na kabati la mninga, zawadi ya bibi harusi. Majidi alikuwa seremala. Kule Tabora, mtaani Chemchem, mtaa wa watu ambao babu zao walifika na misafara ya Ujiji wakagoma kuendelea na safari, hakuna nyumba ya heshima isiyokuwa na mlango au kitanda cha mkono wake. Maua alikuwa mtoto wa kaka yake aliyefariki. Leo Majidi ndiye walii, ndiye atakayeshika mkono wa bwana harusi na kumwoza.

Zuwena alipoinama kuchomoa pasi, alimsikia mumewe akifungua zipu ya begi. Majidi alimpa mgongo, akatoa chupa ya asali, akalamba kijiko kimoja, kisha kingine. Alikunywa maji juu yake, akairudisha chupa chini ya nguo haraka haraka.

Zuwena aliona, akajifanya hakuona. Alikuwa akiiona chupa ile tangu mfungo uishe. Muuzaji mmoja wa sokoni, mwenye kipaza sauti na maneno ya kuchekesha, aliwauzia wanaume asali aliyoiita ya kurudisha heshima ya ndoa. Majidi hakuwahi kumwambia mkewe chochote, na Zuwena hakuwahi kuuliza. Walikuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu waoane, yeye mjane wa miaka arobaini na moja, Majidi akiwa amevuka sitini. Baada ya moyo kuanza kumsumbua na hospitali kumwandikia dawa za kila siku, mzee alianza kuchelewa karakana. Alikuwa akirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba mkewe ameshalala. Zuwena alitamani kumwambia kwamba kwake yeye inatosha kumsikia akipumua pembeni. Lakini maneno ya namna hiyo unayaanzaje na mtu anayekugeuzia uso ukutani? Asali ilipoingia nyumbani, na mzee akaanza kurudi mapema, Zuwena alimshukuru Mungu akanyamaza.

Nyumbani kwa Bi Shamila, mama yake Maua, turubai lilikuwa limeshafungwa na sufuria za pilau zimeinjikwa. Wanawake walikuwa wakiimba uani. Mbele ya nyumba pikapu ilikuwa imesogezwa, na vijana wanne wakihangaika kuliteremsha kabati.

"Mtalikwaruza!" Majidi alisema. "Hebu pisheni huko. Mninga haubebwi hivyo."

"Baba, kaa," Omari alimwambia. "Umeshavaa kanzu. Sisi tutalishusha."

Majidi alishakunja mikono ya kanzu. Aliingiza bega chini ya ubavu wa kabati, akawahesabia vijana, wakanyanyua. Kabati lilifika chini salama. Mzee alisimama wima, akajaribu kucheka, na kicheko kikamkatikia kooni. Aliweka kiganja kifuani. Halafu akakaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe.

Zuwena alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakujua sinia lilikwenda wapi. Alipofika, jasho lilikuwa linamtiririka Majidi mpaka kidevuni na midomo imepauka.

"Kifua," alisema kwa shida. "Kinanibana. Mkono… mkono huu."

"Dawa yake!" Omari alipiga kelele. "Mfuko wa kanzu! Ana vidonge vya kuweka chini ya ulimi!"

Alipiga magoti, akaingiza mkono mfukoni mwa baba yake, akatoa kichupa kidogo cha kahawia. Akamwaga kidonge kimoja kiganjani. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama. Majidi alikitazama, akafumba mdomo, akageuza kichwa pembeni.

"Baba, fungua mdomo. Baba!"

Hapo ndipo Zuwena aliposikia sauti ya muuguzi Josepha, waziwazi kama vile amesimama nyuma yake. Siku waliyopewa kile kichupa huko Tabora, Josepha aliwakalisha wote wawili kwenye benchi akawaeleza taratibu. Alisema ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba sana, na ndani ya utando huo kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kutengeneza hewa iitwayo oksidi ya nitriki. Hewa hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee upanuke, damu ipite, presha itulie. Kwa mtu aliyekaa na presha miaka mingi, utando umechoka na hewa inapungua. "Kidonge hiki, baba yangu, kinaileta hewa hiyo kutoka nje. Kinafungua mishipa kwa haraka." Kisha Josepha alishusha sauti na kumtazama Majidi peke yake. "Ila kama umetumia dawa ya nguvu za kiume, usikiguse. Zile dawa zinauzuia mwili kuifuta kazi ya hewa hiyo. Ukivikutanisha, mishipa inafunguka yote bila breki, presha inaporomoka, unaweza usiamke. Usikiguse mpaka siku mbili zipite." Majidi siku ile alikohoa, akasema yeye ni mtu mzima, mambo hayo ya vijana.

Vijiko viwili, asubuhi hii hii. Na macho yaliyoiva, na pua, na kichwa.

Omari alishamshika baba yake taya.

Zuwena aliupiga mkono wake. Kidonge kiliruka, kikaanguka mchangani, kikapotea. Kabla Omari hajaelewa, kichupa nacho kilikuwa kimeshanyakuliwa na kufungwa kwenye pindo la kanga.

Nyimbo za uani zilikatika. Watu wote waliokuwa mbele ya nyumba waliona.

"Wewe mama una wazimu?" Omari alisimama. Alikuwa mrefu kuliko baba yake. "Unamnyima dawa? Baba anakufa unamnyima dawa?"

"Asipewe hiyo. Tumpeleke kituo cha afya. Sasa hivi, Omari."

"Kwa nini asipewe?"

Zuwena alifungua mdomo. Mbele yake alikuwepo Bi Shamila, alikuwepo sheikh aliyekuja kuozesha, walikuwepo wazee wa upande wa bwana harusi na vilemba vyao, na vijana wanne waliobeba kabati. Miguuni pake Majidi alikuwa amemkazia macho. Hayakuwa macho ya mtu anayeogopa kufa. Yalikuwa yanamwomba kitu kingine kabisa.

"Nitamwambia daktari," alisema.

"Nakuuliza mimi!"

"Nimesema nitamwambia daktari! Nani ana gari hapa?"

Jirani mmoja, Alois, mkulima wa mpunga mwenye Noah iliyochoka, alishaiwasha. Walimlaza Majidi kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Zuwena. Omari aliruka mbele. Gari lilipokuwa linageuka, Zuwena alimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila hata kunong'ona, "Nyumba ya Chemchem hiyo anaitaka, huyo."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila gari liliporuka, Majidi aliguna. Omari alikuwa amegeuka nyuma, amenyoosha mkono.

"Lete hicho kichupa."

"Hapana."

"Nakuomba kwa mara ya mwisho. Mimi ndiye mwanawe. Wewe umeingia juzi."

Zuwena alikibana kichupa ndani ya pindo mpaka kizibo kikamchoma kiganja. Ndani yake mambo hayakuwa thabiti kama mdomo wake. Ile ni asali, alijiambia. Asali ya Tabora, ambayo watoto wanapakiwa kwenye mkate. Itakuwaje kama yule muuzaji ni mwongo tu, na chupani hamna kitu zaidi ya asali na pilipili manga? Basi mumewe anabanwa na moyo, dawa yake halali ipo kiganjani mwake, na yeye ameikalia. Akifa humu garini, atakuwa amekufa kwa mkono wake. Kwenye matanga watamnyooshea kidole, na watakuwa na haki.

Aliinama mpaka mdomo wake ukaligusa sikio la Majidi. "Baba Omari. Ile asali. Ndani yake mna dawa? Nikubalie kwa kichwa tu."

Majidi alifumba macho. Kichwa hakikutikisika, si kukubali wala kukataa.

"Unamnong'oneza nini?" Omari alifoka.

"Namsomea," Zuwena alisema, na kweli akaanza kusoma.

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu wa zamu mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Advera, mwenye miwani na mwendo wa haraka. Hakuuliza maswali mlangoni. Alimlaza Majidi, akamfunga mkanda wa presha, akatazama, akapima tena. Uso wake haukupendeza.

"Tisini kwa hamsini na tano. Huwa ana presha ya kupanda au ya kushuka?"

"Ya kupanda," Omari alisema. "Daktari, ana vidonge vyake vya chini ya ulimi. Huyu mama amevificha. Mwambie avitoe."

Advera alimgeukia Zuwena. "Vya moyo? Uko navyo?"

Zuwena alifungua pindo la kanga. Kichupa kilikuwa na unyevu wa jasho lake. Alikitoa lakini hakukiachia.

"Daktari, naomba huyu kijana atoke kwanza."

"Sitoki!" Omari alijibanza na kitanda. "Hapa sitoki hata kwa polisi. Useme mbele yangu."

"Mama, sina muda," Advera alisema. "Kama kuna jambo, sema."

Majidi alinyoosha mkono akamshika Zuwena kifundo cha mkono. Alimbana. Hakuwa na nguvu ya kubana, lakini alijitahidi, na Zuwena alilielewa kila neno lililokuwa kwenye vidole vile. Si mbele ya mtoto. Hata kama nakufa, si mbele ya mtoto.

Akaona kwamba anaweza kumtii mume, au anaweza kubaki na mume.

"Amelamba asali asubuhi," alisema. "Ile inayouzwa sokoni, ya nguvu za kiume. Vijiko viwili. Na ameamka macho mekundu, kichwa kinamuuma, pua imeziba. Tabora tuliambiwa visikutane na hiki kidonge."

Omari alitazama ukuta, akatazama sakafu. Masikio yake yalikuwa kama yametiwa upupu.

Advera alikichukua kichupa taratibu, akakiweka mbali, kwenye rafu ya juu. Kisha akamwinamia Majidi. "Mzee, shikamoo. Mimi sijaja kukucheka. Nina wagonjwa wengi wa namna hii na wengine ni wadogo kuliko mwanao. Asali peke yake ni asali. Nataka kujua kama kulikuwa na kidonge ndani, kwa sababu matibabu yako yanabadilika. Kulikuwa na kidonge?"

Majidi alitazama dari. Machozi mawili yalishuka yakaingia masikioni.

"Baba," Omari alisema. Sauti ilikuwa imemshuka kabisa. "Baba, sema."

"Vya bluu," Majidi alisema. "Alinipa asali, akanipa na vidonge pembeni. Akasema nivisage mwenyewe nichanganye. Jana usiku kimoja. Leo… leo kingine, nilitaka nisimame vizuri mbele za watu. Nilidhani ni nguvu za mwili mzima."

Zuwena alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

Kuanzia hapo Advera alikuwa kama mtu mwenye mikono minne. Alimtafunisha Majidi aspirini, akamwinulia miguu kwa mto, akamwingizia sindano ya mshipa na kufungulia maji kidogokidogo huku akisikiliza mapafu. Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Huku akifanya yote hayo alikuwa anaongea na Omari, kwa kuwa Omari alimuuliza, kwa sauti ya chini, kingetokea nini.

"Mishipa ya baba yako tayari imelegea kupita kiasi. Hewa inayoilegeza, mwili unaitengeneza wenyewe kidogokidogo, na ikimaliza kazi kuna kimeng'enya kingine kinachoizima. Kile kidonge cha bluu kinakifunga mikono hicho cha kuzima. Sasa ungemwekea na hiki cheupe, kinachomwaga hewa hiyo kwa wingi, presha hii tisini ingekwenda wapi? Damu isingefika kwenye moyo wala kichwani. Na mimi hapa sina mashine ya kumrudisha."

Omari alitoka nje, na kupitia dirisha Zuwena alimwona amejishika na nguzo ya kibaraza, kichwa ameinamisha.

Presha ilishuka tena kabla haijapanda. Kulikuwa na kipindi, gari la wagonjwa halijafika bado, ambapo Majidi alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akimwita marehemu kaka yake amletee randa. Advera aliyafungulia maji zaidi, akamwambia Zuwena amsemeshe asilale. Zuwena alimsemesha. Alimwuliza habari za mninga, kwa nini haubebwi ovyo, na mti gani unafaa kwa mlango, na nani alimfundisha kuchonga nakshi. Aliuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza tangu aolewe. Majidi alijibu mengine, mengine yakampita. Ilikuwa ni kama kumvuta mtu kwa kamba kutoka kisimani, hujui kama huko chini bado ameishika.

Halafu Advera akapima, akasema, "Mia kwa sitini," na kwa mara ya kwanza akavua miwani akaifuta.

Honi ya gari la wagonjwa iliposikika, Majidi alifungua macho yenye akili. "Omari yuko wapi?"

Omari aliingia.

"Saa ngapi sasa?"

"Adhuhuri inakaribia, baba."

"Watu wamekaa wanasubiri. Rudi ukamwoze dada yako. Nakupa uwakala. Daktari shahidi, na mama yako huyu shahidi."

"Siwezi kukuacha katika hali hii."

"Nimesema nenda. Wasimrudishe bwana harusi kwa sababu yangu." Alivuta pumzi. "Na huko… wakiuliza, sema moyo. Basi."

Omari alisita mlangoni. Alimtazama Zuwena kama mtu anayetaka kusema jambo na hajui lianzie wapi. "Simu yako ina chaji?" ndilo alilosema. "Nitapiga kila baada ya muda." Akaondoka.

Kwenye hospitali waliyopelekwa, kipimo cha moyo kilionyesha kwamba sehemu ndogo ya msuli wa moyo ilikuwa imeumia, lakini mzee angeishi. Walipofika tu, mlangoni pa wodi, daktari aliyekuwa zamu alianza kusoma karatasi ya rufaa kwa haraka, na Zuwena hakusubiri aimalize. Alisema palepale, kwa sauti iliyonyooka, kile mumewe alichokunywa. Mara hii Majidi hakumshika kifundo.

Siku ya tatu, jua likiingia wodini na kitanda cha jirani kikiwa kitupu, Majidi alimwita akae karibu.

"Ungeniambia kwamba ulijua."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unanigeuzia mgongo hata kulamba asali."

Majidi aliivuta shuka mpaka kifuani. "Niliona nimekuoa nikakudhulumu. Mwanamke mzima, unalala na gogo."

"Nilishazika mume mmoja, Baba Omari. Unadhani nilirudi kuolewa nikitafuta nini? Nilitaka mtu wa kula naye jioni. Wewe ukawa unakula karakana."

Majidi alicheka, akashika kifua, na Zuwena akaruka kitini. "Si hicho," mzee alisema. "Nacheka tu."

Waliporudi Chemchem, maneno yalikuwa yametangulia. Mtaani ilisemwa kwamba mke wa seremala alimnyang'anya mumewe dawa mbele ya watu, akakusudia afe arithi nyumba, na kwamba mtoto wa marehemu mke wa kwanza ndiye aliyemwokoa. Majirani waliokuja kumpa mgonjwa pole walimsalimia Zuwena kwa ncha za vidole. Omari alisikia yote. Akipinga, itabidi aseme sababu, na sababu ilikuwa ya baba yake. Kwa wiki nzima alifanya kazi karakana bila kumtazama mtu, na jioni akawa anamletea Zuwena samaki, au mboga, au mkaa, anaviweka mlangoni na kuondoka.

Ijumaa moja, baada ya swala, wanaume walikaa karakana kama kawaida yao. Zuwena alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, anaanika michembe ya viazi vitamu. Alimsikia mmoja akisema, kwa utani uliokuwa na mwiba ndani, kwamba siku hizi mtu aonje chai kwanza kabla ya kuinywa, kama mkewe ni mgeni.

Msumeno wa Omari ulisimama.

"Hebu subiri," sauti ya Majidi ilisema. Haikuwa na nguvu ya zamani. "Omari, wewe endelea na kazi. Hili ni langu."

Zuwena aliweka ungo chini.

"Nilikunywa vidonge vya bluu," Majidi alisema. "Vya sokoni, vya yule mwenye kipaza sauti. Nilikunywa nikiwa mgonjwa wa moyo, nikijua nimeonywa, na nikanyamaza. Kile kidonge cha moyo kingenimaliza palepale. Mke wangu alijua, na alikubali mumwone mchawi kuliko kunivua nguo mbele zenu. Sasa nimejivua mwenyewe. Mwenye la kucheka acheke nimwone."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa. Halafu ikasikika sauti ya yule yule aliyetania, na safari hii alikuwa ananong'ona.

"Majidi. Hivyo vya bluu… mtu mwenye presha tu, bila ya moyo, navyo vina tatizo?"

"Mimi si daktari," Majidi alimjibu. "Nenda kaulize. Tena nenda na mkeo."

Zuwena aliuchukua ungo. Akaanika taratibu, kipande kimoja baada ya kingine, huku ng'ambo ya mabati msumeno ukianza tena.